Nta ya Mrija

Wiyoni, Lamu

Kwa dada yangu Zuhura binti Juma, Ng'ambo, Unguja.

Shikamoo, dada. Nakuuliza hali yako wewe na shemeji na watoto, ingawa hali ya nyumba yetu sasa naijua na sina haja ya kuambiwa mara ya pili. Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Nala, nalala, na nikisimama miguu yanibeba. Mengine utayasoma huku chini.

Barua yako imenifika jana kwa meli. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikajua kwamba Mama amefariki na mmekwisha kumzika. Mara ya pili nikaona ulipoandika kwamba nimemweka tajiri wangu mbele ya mama aliyenizaa. Mara ya tatu sikusoma, nilikuwa naitazama karatasi tu. Nimekasirika, dada, sikufichi. Nilitaka kukujibu maneno makali kama yako, nikakaa na kalamu nikitafuta la kukuchoma. Kisha nikaona heri nikueleze siku ile ilivyokuwa tangu asubuhi hata alasiri, halafu useme mwenyewe kosa lilikuwa la nani.

Kwanza ujue nafanya kazi gani, maana najua huko mnasema Hamadi kapata ukubwa, anaendesha motakaa. Kweli naendesha motakaa. Niko nayo katika kisiwa cha Pate, kisiwa ambacho watu wake wote wana miguu na punda, na wala hapakuwa na njia ya gari mpaka tajiri wangu, Bwana Nasoro, alipokata moja katika mchanga toka shamba lake la minazi hata Mtangawanda, pale pwani abiria wanaposhukia. Alilinunua gari Mombasa likiwa limekwisha kutumika na kuchoka, likaletwa juu ya jahazi limefungwa kamba kama ng'ombe. Mwendo wenyewe wa njia ile ni saa mbili kwa miguu. Kwa gari, likiwa na afya, ni nusu saa. Siku nyingi halina afya, na hapo huchukua siku nzima, nami chini yake.

Watu wa huku ni wema, sina la kuwasema. Ila maneno yao, dada! Sisi tunasema nchi, wao nti. Sisi njia, wao ndia. Wiki yangu ya kwanza, msimamizi wa shamba alisimama mlangoni akaniita, "Fundi, ndoo!" Nikaenda kisimani nikamletea ndoo ya maji imejaa pomoni. Kumbe alikuwa akisema njoo. Ua zima likaanguka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao. Baada ya mwaka mzima nilijiona nimekwisha kuwa Mwamu, mtu wa Lamu, hakuna neno lao la kunipita.

Sasa siku yenyewe. Barua yako ya kwanza, ile uliyosema Mama hawezi na ananiuliza mimi asubuhi na jioni, ilinifikia shambani asubuhi kwenye saa mbili. Ilikuwa imekaa Lamu siku kadhaa ikingoja mtu wa kuileta Pate. Meli iliyoileta ilikuwa imekwenda Kismayu, na katika kurudi ingetia nanga Lamu kesho yake asubuhi, ikateremka Mombasa na Unguja. Nikapiga hesabu: siku ile mashua ya abiria ingeondoka Mtangawanda saa tisa, maji yakiwa yamejaa, maana yakipwa mlango ule wa bahari, katikati ya mikoko, haupitiki. Nikiwahi mashua nitalala Lamu, asubuhi nipande meli. Nikiikosa, hakuna meli nyingine mpaka nusu ya mwezi ipite. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo, hata mtoto wa chuo cha Kurani angeiweza.

Nikaenda kwa Bwana Nasoro na barua mkononi. Naye siku ile alikuwa anakwenda Lamu kwa shughuli zake, keshavaa kanzu na joho. Akanisikiliza, akanipa pole, akasoma na dua. Kisha akasema, "Na gari?"

Gari lilikuwa haliendi tangu juzi.

"Bwana, mama yangu hawezi," nikamwambia.

"Nimesikia, na Mungu atamponya. Lakini wewe hukuya huku kutembea, ulikuya kwa gari hini. Itengeze. Leo utanipeka Mtangawanda, na huko ndiko nitakakokupa rukhsa yako, uwende na mimi mashuani. Gari isipotembea, huna rukhsa."

Ningeweza kufunga kifurushi changu saa ile ile nikashika njia. Nakuandikia wazi kwa sababu najua utaliona mwenyewe. Lakini nilikuwa nataka kuondoka kwa rukhsa, kazi yangu ikiwa imesimama, si kuitwa mtoro. Na nilikuwa na saa nyingi mbele yangu, na mimi ni fundi. Nikavua shati nikaingia chini.

Nikueleze ugonjwa wenyewe, usidhani nakupiga chenga. Tangi la petroli liko nyuma, chini kuliko mashine, na petroli haipandi mlima kwa hiari yake. Basi karibu na mguu wa dereva kuna bomba dogo la mkono. Unapiga upepo, upepo unaingia tangini, unaikamua petroli ipite katika mrija wa shaba mpaka kwenye mashine. Mbele yako kuna kisaa chenye mshale wa kuonyesha nguvu ya upepo. Mshale ukisimama, unakwenda. Mshale wangu ulikuwa ukipanda nikipiga, nikiacha tu unarudi chini kama mtu aliyesinzia. Maana yake ni kwamba mahali fulani panavuja.

Nikaanza na bomba la mkono. Nikalifungua, nikatoa ngozi yake ya ndani, nikailainisha kwa mafuta ya nazi, nikairudisha. Mshale ukashuka. Nikaenda kwenye kifuniko cha tangi, nikakikatia pete mpya ya kuzibia, ya ngozi ya kiatu changu mwenyewe. Mshale ukashuka. Ikabaki mrija. Tatizo la petroli ni kwamba ikidondoka kwenye jua la Pate inakauka kabla hujaiona, haiachi hata alama. Nikachukua chokaa kavu ya unga, nikapaka kila kiungo, nikapiga upepo tena, nikatazama. Viungo vyote vikabaki vyeupe, isipokuwa kimoja, kile cha karibu na tangi, pale mrija unapoingia katika nati ya shaba. Pale chokaa ikaingia weusi, ikalowa.

Nilifurahi, dada. Nikaikaza nati. Ikavuja. Nikaikaza zaidi, mpaka mkono ukaniuma, ikazidi kuvuja. Nikaifungua, nikautoa mrija, nikautazama mbele na nyuma, nisione kitu. Mchanga umejaa, jasho laniingia machoni, na jua limekwisha kufika katikati.

Hapo akaja Fundi Shee. Huyu ni mtu wa Matondoni huko Lamu, fundi wa vyombo vya bahari, mzee kidogo, mwenye maneno machache. Bwana Nasoro alimwita kuligeuza gari, kulijengea kitanda cha mbao nyuma cha kupakia nazi, na siku ile alikuwa amemaliza, anarudi kwao kwa mashua ile ile. Hajui motakaa, lakini anajua kuvuja. Hiyo ndiyo kazi yake tangu utotoni, kutafuta maji yanakoingilia. Akalala ubavuni kwangu, akaushika mrija, akaupitisha ukucha wa kidole gumba polepole pale mwishoni. Ukucha ukakwama.

"Nta hiyo, fundi," akasema. "Nta ndiyo mbovu. Kata nta kidogo, utie tena, ukaze. Hautavuya."

Nikamwambia ahsante. Akajipangusa mchanga, akaenda kutawadha, maana adhana ya adhuhuri ilikuwa inasomwa.

Nami nikafanya kama nilivyoambiwa. Sanduku lake la kazi lilikuwa wazi pale kivulini, na ndani yake mlikuwa na donge la nta ya nyuki, ile anayopakia nyuzi zake. Nikakata kidogo. Nikaikanda kwa vidole mpaka ikalainika, nikaizungusha pale mwisho wa mrija, nikatia tena, nikakaza. Nikasema moyoni, kumbe mafundi wa vyombo wana akili, mimi nilikuwa sijawaza nta. Nikapiga upepo. Mshale ukapanda, na nilipoacha ukasimama. Nilikaa nikiutazama muda mrefu, haukutikisika. Mashine ikawaka kwa mzunguko wa pili.

Kabla ya saa saba u nusu tulikuwa njiani, mimi na Bwana Nasoro, kifurushi changu miguuni kwangu. Nimeoga, nimevaa shati safi. Tuliwapita akina mama waliotangulia kwa miguu na makapu yao kichwani, wanakwenda mashuani. Nikapiga honi, wakaruka pembeni wakacheka. Mmoja wao, Mwana Esha, anayetuuzia mikate shambani, akanipungia mkono. Bwana Nasoro akasema, "Leo umetenda kazi, fundi." Nikaona nimekwisha kufika Unguja.

Katikati ya njia gari likakohoa. Likakohoa tena, likavuta, likafa.

Nikapiga upepo. Mshale uko juu kabisa, mashine haina petroli. Nikajua mrija umeziba, lakini umezibwa na nini sikujua. Nikaingia chini nikafungua. Wewe ni mwanamke wa nyumbani lakini hili ungelijua kabla yangu: petroli inayeyusha nta. Ilikuwa imelegea, imekuwa uji, ikachukuliwa mrijani mpaka kwenye kile kitundu cha mashine kisichozidi tundu la sindano. Kila nilipogusa pana nta. Na pale kwenye nati pakaanza kuvuja upya.

Bwana Nasoro alisimama kivulini akitazama saa yake. Akina mama wakatufikia. Mwana Esha alikuwa na punda wa jirani yake, kapakia mikeka. Bwana Nasoro akazungumza naye maneno mawili, mikeka ikateremshwa na kugawanywa vichwani kwa wanawake, na Bwana akapanda punda. Akanitazama pale chini.

"Ikiwaka, nandama," akasema. "Isipowaka, usiniwatie gari yangu mwituni."

Yaani likiwaka nimfuate, lisipowaka nisiliache. Akaenda zake. Mwenye gari alikwenda mashuani juu ya punda, dada, na wanawake waliokwenda kwa miguu wakafika, na mashua ikawachukua wote. Mwenye mama mgonjwa ndiye aliyebaki na gari.

Nilikuwa nimetoka kukisafisha kile kitundu kwa unywele wa mkia wa punda, niliouchomoa kabla Bwana hajampanda, nilipoona miguu ya Fundi Shee. Alikuwa wa mwisho njiani, sanduku begani.

"Ai, fundi! Hata sasa huyafika?"

"Dawa yako haikufaa, Fundi Shee."

"Dawa yangu ipi? Nimekwambia ukate nta."

"Nimekata."

"Umekata wapi?"

"Sandukuni mwako," nikamwambia, nikamfunulia kiganja kilichojaa nta na mchanga.

Akatazama kile kiganja. Akaweka sanduku chini. Akachutama, akainua kidole chake cha shahada mbele ya uso wangu, akakigusa pale juu kabisa, mwisho wa kidole.

"Nta ya mrija, fundi! Si nta ya nyuki! Nta, nta hini! Imepasuka nta, ikatwe, mrija utiwe tena!"

Ncha, dada. Alikuwa akisema ncha. Kwao nchi ni nti, na ncha ni nta. Pengine wenyewe hulitenga neno hili na lile la nyuki kwa namna ya ulimi, lakini sikio langu la Unguja halikutenga. Aliniambia nikate ncha ya mrija iliyopasuka, upana wa ukucha tu, nitie tena, nikaze. Kazi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nilikuwa na msumeno wa chuma na tupa tangu asubuhi.

Fundi Shee alianza kucheka, akaniona, akaacha. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia habari ya Mama na ya meli. Akasimama saa ile ile, akanishika mkono.

"Wata gari," akasema. "Wata, twende. Mama ni mmoya. Gari hini ni mabati, itakaa papa hapa, nani ataila?"

Ilikuwa saa nane kasoro. Kutoka pale hata Mtangawanda ni saa moja ya miguu, na mtu mwenye haraka ni chini ya hapo. Tungefika mashua ikiwa bado imefungwa.

Sasa nasikiliza neno lako, kwamba nimemweka tajiri mbele. Nilitaka kulikataa kwa kiapo. Nilitaka kusema alinikataza, alinitisha, nilimwogopa. Si kweli. Tajiri alikuwa amekwisha kwenda zake juu ya punda, na angenikuta mashuani asingenitupa majini. Nilimwambia Fundi Shee, "Tangulia, uniwekee mashua. Nakuja sasa hivi, ni kidogo tu." Alinivuta tena, nikautoa mkono wangu. Na sababu yake ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuujua ugonjwa. Siku mbili unatafuta, watu wanakucheka, halafu unaambiwa ni hapa, upana wa ukucha. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nililala chini ya gari lile nikakata ncha, nikaisugua kwa tupa, nikaupanua mdomo wake taratibu kwa msumari mnene, nikautia, nikaukaza bila nguvu nyingi, ukakaa mahali pake. Nikapuliza mrija mzima kwa kinywa changu mpaka petroli ikanichoma midomo. Na kwa muda ule wote, dada, sikumkumbuka Mama. Hata mara moja. Mashine ilipowaka nilicheka peke yangu mwituni kwa sauti.

Mshale ulisimama. Naapa mpaka leo umesimama, sijapata kuona kiungo kizuri kama kile.

Nilifika Mtangawanda nikipiga honi njia nzima. Punda wa jirani yake Mwana Esha alikuwa amefungwa kwenye mkoko, na mikeka haipo. Maji yalikuwa yanapwa, na matope yamekwisha kutokeza. Fundi Shee aliwaomba wangoje, wakangoja mpaka nahodha akaona wote watakwama, akatweka tanga. Niliiona mashua kule mbali, mtu amesimama nyuma ananitazama, nadhani ni Fundi Shee. Nilizima gari. Nikakaa ndani yake na shati langu safi.

Kesho yake nilivuka Lamu kwa mashua ya kwanza, nikaambiwa meli imeondoka asubuhi. Toka siku hiyo niko hapa Wiyoni, kwa binti yake Fundi Shee, ambaye hunipa chakula na haniulizi kitu. Kwa Bwana Nasoro sijarudi, na gari sijui linaendeshwa na nani. Meli iliyoniletea barua yako jana safari hii haiendi Kismayu, inarudi Unguja leo jioni, nayo ndiyo itakayoichukua hii. Nafasi yangu ilikuwapo. Nimemwachia mtu mwingine. Ningekuja kumwona nani, na ningeingiaje mlango ule? Nikipata uso wa kukutazama nitakuja, na kama hutaki nije, niandikie.

Nisalimie shemeji, mwambie nimeshukuru kwamba yeye ndiye aliyeingia kaburini kumlaza Mama mahali pangu. Nisalimie shangazi, na yule mwalimu wetu wa chuo aliyemsomea Mama Yasini. Nisalimie jirani wa mlango wa pili aliyekuwa akimwosha miguu. Wanao wabusu, usiwaeleze lolote katika haya.

Nina ombi moja, na ukiniandikia usinifiche. Umesema aliniuliza mpaka siku ya mwisho. Nataka kujua mlimjibu nini. Nadhani mlimwambia yuko njiani, mama, anakuja. Kama mlimwambia hivyo, msione haya kwamba mlimdanganya. Nilikuwa njiani kweli. Nilikuwa nimelala chini ya gari, nakata ncha, na nafurahi.

Mdogo wako,
Hamadi